Kutoka Mswada hadi Kitabu: Kusoma Prufu na Kupiga Chapa katika Shirika Dogo la Uchapishaji Nairobi

Herufi moja iliyokosewa huwa na bei, na bei hiyo hutegemea mahali ilipogunduliwa. Ikionekana kwenye mswada, marekebisho yake ni kubonyeza kitufe. Ikionekana kurasa zikiwa zimeshapangwa, huenda ikasukuma mstari, mstari ukasukuma aya, na aya ikafungua ukurasa ambao hukuupangia. Ikionekana baada ya mabamba ya mashine ya kupigia chapa kutengenezwa, unalipia bamba jipya lenye kurasa nane kwa sababu ya herufi hiyo moja. Na ikionekana siku ya uzinduzi, mwandishi akiwa anasoma mbele ya shangazi zake, hakuna fedha itakayoifuta. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika shirika la watu watatu, kwenye chumba kimoja cha ghorofani si mbali na River Road, na utaratibu ninaoueleza hapa umejengwa juu ya swali moja: kosa la aina hii linafaa kukamatwa katika hatua gani, kabla halijawa ghali?

Mfano nitakaoutumia ni kitabu cha hadithi cha ukubwa wa A5, kurasa 192, nakala 500, ndani rangi nyeusi pekee na jalada la rangi kamili. Vitabu vya shule ni habari nyingine, kwa kuwa hupitia idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), na sitavigusa.

Funga mswada kabla ya kuupanga

Kupanga kurasa za mswada ambao bado unahaririwa ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao fundi bado anaupiga plasta. Hakikisha kwamba uhariri wa lugha na wa maudhui umekwisha, kwamba mwandishi ameyakubali mabadiliko yote, na kwamba faili imebaki moja tu. Ipe jina lenye tarehe, kisha faili nyingine zote uzihamishie kwenye folda ya kumbukumbu ambako hakuna mtu atakayezifungua kwa bahati mbaya. Jina kama "mswada wa mwisho kabisa 3" ni dalili ya ofisi inayoelekea kupata hasara.

Sambamba na mswada, andaa karatasi ya maamuzi. Hii ni orodha ya ukurasa mmoja au miwili inayosema mnaandikaje yale maneno ambayo Waswahili wenyewe hatuyaandiki kwa namna moja: "vilevile" au "vile vile", "kwa hiyo" kwa maneno mawili (mimi hushikilia hivyo), tarakimu au maneno kwa nambari ndogo, alama za usemi pacha au moja. Chagueni pia kamusi moja ya kuamulia mabishano. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) ya mwaka 2015 zote zinafaa, lakini si lazima zikubaliane katika kila neno, na ofisi inayotumia zote mbili kwa wakati mmoja itapoteza alasiri nzima ikibishania ritifaa. Andikeni humo majina ya wahusika na ya mitaa jinsi yanavyopaswa kuonekana, ili Wanjikũ wa ukurasa wa 9 asije akawa Wanjiku kwenye ukurasa wa 80. Na andikeni bayana yale yasiyoguswa. Makanga anayeongea Sheng ndani ya matatu ya Eastlands asisahihishwe mpaka akazungumza kama mhadhiri, na bibi wa Mombasa anayesema "nnakwenda" aachwe aende.

Kupanga kurasa kwa macho ya Kiswahili

Jambo la kwanza ninaloliomba kwa mpangaji kurasa ni auzime ukataji wa maneno wa moja kwa moja mwishoni mwa mistari. Programu ikiachwa huru hutumia kanuni za Kiingereza, nayo hukata "nyum-ba" na "kiban-da", ilhali silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu na maneno hayo hukatwa "nyu-mba" na "ki-ba-nda". Kasoro yake ni kwamba maneno yetu ni marefu. "Wanaotutegemea" likigoma kuingia kwenye mstari, programu hulisukuma chini na kuacha juu nafasi nyeupe pana kama mapengo ya meno. Kwa hiyo nafasi mbaya zaidi zirekebishwe kwa mkono, zikikatwa kwa kufuata silabi, lakini jambo hilo lifanyike mwishoni kabisa, kwa sababu kila sahihisho la baadaye litausogeza mstari na kile kistari ulichokiweka kitajikuta katikati ya mstari.

Pili ni fonti. Zipo fonti nzuri ambazo hazina ĩ wala ũ, nazo zikikutana na jina la Kikuyu huweka kisanduku kitupu, au huazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine ikaonekana kama mgeni aliyekaa kiti kisicho chake. Kabla ya kuchagua fonti, andika kwa fonti hiyo sentensi moja yenye ĩ, ũ, ng' na alama zote za uakifishaji, kwa herufi za kawaida, za mlazo na za kukoza, kisha uichapishe kwenye karatasi. Ritifaa ya ng' nayo ina vituko vyake: kuna iliyonyooka na kuna iliyojipinda, na baadhi ya programu huigeuza ikaelekea upande usio wake. Chagua moja, kisha tafuta nyingine katika kitabu kizima na uibadilishe.

Tatu ni idadi ya kurasa. Kwenye mashine, kurasa hazipigwi chapa moja moja. Hupangwa nane upande mmoja wa karatasi kubwa na nane upande wa pili, karatasi hiyo ikakunjwa kuwa kunjo la kurasa 16, ambalo mafundi huliita seksheni. Kurasa 192 ni makunjo 12 kamili. Ukifika kurasa 196, umeingia kwenye kunjo la 13 kwa ajili ya kurasa nne, na utalipia mabamba, karatasi na kazi ya ziada. Ni afadhali kubana nafasi kati ya sura au kupunguza ukurasa mmoja wa shukrani. Pambizo ya ndani, upande wa mgongo, nisingeiachia chini ya milimita 18 kwa kitabu kinachofungwa kwa gundi, la sivyo msomaji atalazimika kukivunja mgongo ndipo aone mwanzo wa mstari.

Prufu ya kwanza: watu wawili, sauti moja

Prufu, yaani nakala ya kurasa zilizopangwa inayotolewa ili ikaguliwe, isomwe kwenye karatasi. Jicho linaloteleza juu ya skrini huona neno linalolitarajia. Chapisha upande mmoja tu wa karatasi, kisha wakae watu wawili: mmoja ashike mswada uliofungwa na asome kwa sauti, mwingine afuate kwenye prufu akiwa na kalamu. Msomaji hutamka kila kitu, alama zikiwemo. Kwetu ofisini husikika hivi: "Aya mpya. Fungua usemi. Herufi kubwa, Mama, mkato, ng'ombe ameingia shambani, alama ya mshangao, funga usemi." Mgeni akipita mlangoni hudhani tumerukwa na akili. Hata hivyo, hakuna njia nyingine ninayoijua ya kukamata sentensi nzima iliyoanguka wakati wa kuhamisha maandishi, kwa maana sentensi isiyokuwepo haiwezi kuonekana na mtu anayesoma prufu peke yake. Badilishaneni kila baada ya dakika 40 au hivi. Koo huchoka, na macho huchoka zaidi.

Kuna makosa ambayo kikagua tahajia cha kompyuta hakitayaona kamwe, kwa sababu neno lililokosewa nalo ni neno halali. Wengi wetu hapa Kenya tumekulia katika lugha zinazochanganya l na r, na matokeo yake ni "kupiga kula" badala ya "kura", au kijana anayeulizwa "mahari pa kulala". Vivyo hivyo "kudhamini" na "kuthamini": mfadhili hudhamini mradi, na mwenye shukrani huuthamini, na ukivibadilisha hakuna mstari mwekundu utakaojitokeza. Herufi h hudondoka mwanzoni mwa neno, "hapa" likawa "apa", au hujipachika isipohitajika. Tafuta pia neno lililorudiwa mahali mstari unapoishia na mwingine unapoanza, hasa "ya", "na" na "kwa".

Upatanisho wa ngeli nao unastahili macho ya pekee. Mwandishi makini huandika "kitabu hiki" bila kufikiri, lakini nomino ikiachana na kitenzi chake kwa mistari miwili, lugha ya mtaani hurejea kimyakimya: "Vitabu ambavyo mwalimu alivileta kutoka mjini siku ile ya mvua kubwa zilikuwa zimelowa." Kila unapokutana na sentensi ndefu, weka kidole kwenye kitenzi kikuu na urudi nyuma ukaitafute nomino yake.

Masahihisho yaandikwe mara mbili: alama ndani ya mstari, na maelezo kwenye pambizo, mkabala na mstari huo huo. Bila alama ya pambizo, mpangaji kurasa ataliruka sahihisho, naye hatakuwa na lawama. Tumia kalamu za rangi mbili, nyekundu kwa makosa yaliyoingia wakati wa kupanga na buluu kwa mabadiliko ya mwandishi. Tofauti hiyo huamua nani analipa nini. Mwandishi naye apewe prufu yake pamoja na barua fupi inayomweleza kwamba sasa anaruhusiwa kusahihisha makosa tu, si kuboresha. Mwandishi aliyepewa prufu bila mipaka huanza kuandika kitabu kingine.

Prufu ya pili, na yale ambayo hakuna anayeyasoma

Prufu ya pili si ya kusoma kitabu upya. Weka prufu ya kwanza upande wa kushoto na ya pili upande wa kulia, uhakikishe kwamba kila sahihisho limefanyika, kisha usome mstari ulio juu yake na mistari inayofuata hadi mwisho wa aya, kwa kuwa mkono unaorekebisha kosa moja mara nyingi huzaa jingine hapo kando. Angalia kama mwisho wa ukurasa umesogea, na kama mstari mmoja wa mwisho wa aya umebaki yatima juu ya ukurasa unaofuata. Baada ya hapo tafuta msomaji ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo, umpe prufu safi na siku za kutosha, umwombe aisome kama kitabu.

Halafu fanya mzunguko wa kuangalia kila kitu ambacho si matini. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu lilinigharimu. Tulikuwa tukichapa mkusanyiko wa hadithi, mojawapo ikihusu uchaguzi. Watu wanne waliisoma na kuisahihisha. Ndani ya hadithi, "kura" lilikuwa sahihi kila mahali. Lakini vichwa vidogo vinavyokaa juu ya kila ukurasa huchapwa mara moja katika kiolezo, na pale paliandikwa "Siku ya Kupiga Kula". Kichwa hicho kikajirudia kwenye kila ukurasa wa mkono wa kulia, kurasa kumi na moja, katika nakala 500. Aliyekiona kwanza alikuwa kijana aliyetubebea maboksi kupanda ngazi, aliyefungua nakala moja akipumzika na kuuliza kwa upole kama hadithi hiyo inahusu harusi. Tuliingiza kikaratasi cha masahihisho ndani ya kila nakala, kazi ya jioni tatu.

Tangu hapo mimi hupitia prufu nzima mara kadhaa nikiangalia kitu kimoja tu kila mara. Mzunguko wa kwanza ni nambari za kurasa. Wa pili vichwa vya kurasa. Wa tatu yaliyomo, nikilinganisha kila jina la sura na kila nambari na ukurasa wenyewe. Wa nne maelezo ya picha. Mwisho ni jalada: jina la kitabu mbele, mgongoni na kwenye ukurasa wa ndani, jina la mwandishi mahali pote hapo, na maneno ya nyuma. Herufi zikiwa kubwa sana jicho halizisomi, huzitambua tu kama picha, kwa hiyo jina la kitabu lisome silabi kwa silabi, kidole kikiwa juu yake.

Ukurasa wa hakimiliki

ISBN, nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hutolewa hapa Kenya na shirika la maktaba za taifa, KNLS, nayo iombwe mapema, kwa kuwa jalada haliwezi kukamilika bila msimbopau. Tangu mwaka 2007 nambari hiyo ina tarakimu 13, na za Kenya hutambulika kwa 978-9966 au 978-9914 mwanzoni. Unaweza kuipima wewe mwenyewe: chukua tarakimu ya kwanza jinsi ilivyo, ya pili uizidishe kwa 3, ya tatu jinsi ilivyo, ya nne kwa 3, na kuendelea hivyo hadi ya 13. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila salio. Isipogawanyika, kuna tarakimu iliyokosewa. Msimbopau uchapwe mweusi juu ya nyeupe. Nimeshaona wasanifu wakiuchapa mwekundu kwa ajili ya urembo, na mashine ya dukani haiwezi kuusoma. Hakikisha pia kwamba jina na anwani ya mchapishaji na ya mpiga chapa zimo, kama Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inavyotaka.

Kumchagua mpiga chapa

Katikati ya mji utapata maduka mengi yenye mashine za dijitali, na Eneo la Viwanda utapata wenye mashine za ofseti. Tofauti yao ni hii: kwenye ofseti, sura ya ukurasa huwekwa kwenye bamba la alumini, ikahamia kwenye mpira, na mpira ukaipiga kwenye karatasi. Gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye mabamba na kuitayarisha mashine, kisha kila nakala inayoongezwa huwa rahisi. Dijitali haina bamba, na nakala ya 400 hugharimu sawa na ya kwanza. Kwa nakala 50 au 100 sijawahi kuona sababu ya kwenda ofseti. Kwa 1,000 sijawahi kuona sababu ya kutokwenda. Nakala 500 ziko mpakani, kwa hiyo omba bei za pande zote mbili.

Ombi la bei liwe la maandishi, litaje ukubwa, kurasa, nakala, uzito na rangi ya karatasi, aina ya ufungaji, ulaminishaji wa jalada (kulifunika kwa plastiki nyembamba), usafirishaji, na kama VAT imejumuishwa. Kwa kitabu chetu, ndani gramu 80 au 70 kwa mita ya mraba inatosha, na jalada gramu 250 hadi 300. Hesabu ya karatasi uijue wewe mwenyewe ili usidanganyike. Kila kunjo la kurasa 16 hutoka kwenye karatasi moja ya milimita 450 kwa 640. Makunjo 12 mara nakala 500 ni karatasi 6,000, yaani karatasi 3,000 za milimita 640 kwa 900 zikikatwa katikati, ambazo ni rimu sita za karatasi 500 kila moja, ongeza kidogo kwa zinazoharibika wakati mashine inawekwa sawa. Karatasi nyingi hutoka nje ya nchi, kwa hiyo uliza bei hiyo itadumu siku ngapi.

Swali moja ambalo wateja wengi hawalijui ni la mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Nyuzi zinapaswa kulala sambamba na mgongo wa kitabu. Zikilala kinyume, kitabu hukataa kubaki wazi na kurasa hujipinda karibu na gundi, hasa mvua za Aprili zinapoleta unyevu. Jaribio lake ni rahisi: lowesha kidogo upande mmoja wa kipande cha karatasi, nacho kitajiviringisha kwa kufuata nyuzi.

Omba pia dami, yaani kitabu kitupu kilichotengenezwa kwa karatasi ile ile, ndipo upime unene wa mgongo. Kurasa 192 ni karatasi 96, na ya gramu 80 ina unene wa takribani milimita 0.1, hivyo mgongo utakuwa karibu milimita 10. Usimruhusu msanifu akisie. Jina likihama milimita mbili kutoka mgongoni kwenda mbele, kitabu kizima huonekana kimechoka.

Faili, sahihi na mashine

Faili ya PDF iwe na fonti zote ndani yake, picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, na rangi ya jalada ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Maandishi ya ndani yawe meusi tupu, si meusi yaliyochanganywa kwa rangi nne, kwa maana hayo hutoka na ukungu mashine ikiteleza hata kidogo.

Mpiga chapa atakupa prufu yake ya mwisho. Isome ukitafuta tu kile ambacho mashine yake ingeweza kuharibu: ĩ na ũ zilizogeuka, mstari uliohama, kurasa zilizopishana. Iombe ikiwa imekunjwa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp saa moja usiku, ikifuatiwa na ujumbe "tuendelee?", si prufu. Ukiridhika, tia sahihi na tarehe juu ya karatasi yenyewe na ubaki na nakala. Ukikuta kosa la matini hapa, jiulize kwa uaminifu kama linastahili bamba jipya. Mkato uliokosekana nitauacha. Jina la mtu lililokosewa nitalilipia.

Siku ya kupiga chapa, nenda kiwandani. Chukua karatasi ya kwanza iliyo safi, uiinue kwenye mwanga uone kama mistari ya mbele na ya nyuma inalaliana, na kama weusi wa upande mmoja ni sawa na wa mwingine. Baada ya kufungwa, acha gundi ipoe vizuri kabla ya kukatwa kingo, kisha fungua nakala moja katikati na uvute ukurasa mmoja kwa nguvu ya wastani. Ukichomoka, zuia kazi hapo hapo.

Kupokea vitabu

Hesabu vitabu kabla ya kutia sahihi ya kupokea, na uchukue nakala kutoka katikati ya bando, si ya juu tu. Angalia mipaka ya makunjo, yaani kurasa za 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hadi mwisho, kwa sababu hapo ndipo kunjo hukosekana au huingia mara mbili. Tenga nakala za kisheria za Msajili wa Vitabu na Magazeti na za KNLS kabla ya kuanza kuuza. Nakala hizo husahauliwa kwa urahisi mno maboksi yakianza kupungua.

Nakala moja iandikwe "YA OFISI" kwa kalamu nzito, na kila kosa ambalo wasomaji wataliripoti liwekwe alama ndani yake. Na mwombe mpiga chapa akurudishie faili ile aliyotengenezea mabamba. Masahihisho ya dakika ya mwisho hufanywa kwenye kompyuta yake, hayaji yenyewe kwenye yako, na ukirudia kuchapa miaka miwili baadaye kwa faili yako ya zamani, makosa yote uliyoyalipia yatarejea, chini ya ISBN ile ile.